Vitambaa Kumi na Sita Vilivyorudishwa

Mama zangu, dada zangu, na ninyi baba wachache mliokubali kuketi kule karibu na mlango, habari za asubuhi. Mwenyekiti wa mkutano huu wa wanawake wa kazi za mikono amenipa nafasi hii na ameniomba mambo mawili: nisiongee sana, na nisibishane na mtu. La kwanza nitajaribu.

Wengi mnanijua kama yule msichana wa vitambaa. Leo sitataja jina la mtu yeyote. Watu wa habari hii wako humu ndani, na mmoja ameniambia asubuhi kwamba akisikia jina lake atatoka nje aende kwa mbuzi zake.

Nilimaliza chuo kikuu nikiwa na shahada ya uchumi. Wale waliosoma mara tu baada ya uhuru walikuta meza za ofisini zimeachwa na wazungu, wakaketi. Sisi tulikuta meza hizo zimejaa watu walioketi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka. Niliandika barua za kuomba kazi mpaka karani wa posta akanizoea. Majibu yalikuja yakiwa yamepigwa chapa vizuri, yote yakisema wamesikitika. Mwishowe nilirudi nyumbani, hapa karibu na mji wa Nyeri, nikaanza kushinda jikoni na mama yangu.

Mama alikuwa akifuma kroshia tangu nikiwa mdogo. Vitambaa vya viti, vya redio, vya kufunika jagi la maziwa. Nilianza kumsaidia kwa sababu nilichoka kukaa mikono mitupu, na nikagundua kwamba ninapenda. Kuna hesabu ndani ya kroshia. Ukikosea kitundu kimoja kwenye mzunguko wa tatu, kwenye mzunguko wa kumi kila kitu kinakuumbua. Niliwahi kukaa darasani na watu wenye maneno makubwa ambao hawakuwahi kuumbuliwa na kitu chochote.

Baba alinipa jiko la zamani lililokuwa likiwekwa magunia ya kahawa. Nikapaka chokaa, nikamwomba fundi apanue dirisha, nikaweka meza mbili na benchi. Hicho ndicho chumba changu cha kazi, na ninakipenda kuliko ofisi yoyote niliyonyimwa. Watu walisema yao. Jirani mmoja alikuwa akipita njiani ananiita, "Dakitari wa vitambaa, leo unatibu kiti gani?" Mwingine alimuuliza baba kama ni kweli ati chuo kikuu siku hizi kinafundisha kushona. Baba alimjibu kwamba angalau mimi sijawahi kuuza kitu nilichokopa. Jirani huyo alijua anasemwa nini, akaenda zake.

Kazi ilikua. Tukawa watu watano. Mimi na mama yangu. Cucu mmoja wa Kiganjo, bibi kizee ambaye umri wake hakuna anayeujua na yeye hasemi. Mama mmoja Mwislamu wa Majengo hapa mjini, aliyezoea kushona kofia za wanaume na mwenye subira ya ajabu. Na dada mmoja wa Chaka, mama wa watoto wawili, mwenye mdomo. Yeye amenikubalia nimseme hivyo.

Halafu mwaka mmoja, mwezi wa tano, bwana mmoja alikunywa chai katika duka la hapa mjini lenye vitambaa vyangu mezani. Alikuwa msimamizi wa hoteli ya watalii upande wa Nanyuki. Alinitafuta mpaka nyumbani. Alitaka vitambaa vya meza kumi na sita, vyeupe, vya duara, vya kufunika meza mpaka viteremke kidogo pande zote. Alivitaka kabla ya wageni wa mwezi wa saba. Akasema vikimpendeza, tutafuma pia vya vyumba vyote vya kulala.

Ndugu zangu, nawaambia, siku hiyo sikula. Kama kazi hiyo ingefaulu, tungekuwa na kazi ya mwaka mzima, sisi watano, bila kubeba vitambaa kwenye kikapu na kupiga hodi milangoni. Kama ingeshindikana, nilikuwa na barua ya binamu yangu Nairobi aliyeniambia anaweza kuniingiza mahali nipige chapa. Sikutaka kupiga chapa barua za kuwaambia watu wengine kwamba tumesikitika.

Nilikaa nikapiga hesabu. Kitambaa kimoja kikubwa hivyo, mtu mmoja anakifuma karibu mwezi akiwa pia na shamba na watoto. Kwa wiki saba, watu watano hawafikishi kumi na sita. Nikakumbuka niliyosoma: mtu akirudia sehemu moja ya kazi, anakuwa mwepesi. Basi nikagawa kitambaa. Cucu ataanza vyote, yaani kitovu, zile raundi za katikati. Mama wa Majengo na mama yangu watafuma sehemu ya kati. Dada wa Chaka na mimi tutamalizia ukingo.

Niliwaeleza nikiwa nimesimama, na karatasi mkononi. Cucu aliweka sindano yake chini.

"Na nani atamaliza hizi zenye naanza?"

"Wengine, cucu. Wewe utakuwa umeshaanza zingine."

"Hapana. Kitambaa inamalizwa na mkono yenye iliianza."

"Kwa nini?"

"Ati kwa nini. Ukimaliza ya mwenzako, hiyo nyumba itawekwa itakuwa na ugomvi. Hata mama yangu alisema hivyo."

"Cucu, hii ni hoteli. Watu wanalala siku mbili wanaenda. Watagombana saa ngapi?"

Dada wa Chaka alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Mama yangu alicheka. Cucu mwenyewe alicheka, akachukua sindano, akaanza kitovu cha kwanza. Mama wa Majengo peke yake ndiye hakucheka. Aliniambia polepole, "Mwanangu, hata kwetu wanasema hivyo hivyo kuhusu kofia." Nikamwambia watu wengi kusema jambo moja hakulifanyi kuwa kweli.

Na hilo, mama zangu, bado naliamini. Lakini pia hakulifanyi kuwa uongo, na hapo ndipo sikufika. Tangu nikiwa shule ya Jumapili nimekuwa nikiuliza maswali, mwalimu wangu yuko hapa atawaambia. Siku ile nilidhani nimeuliza. Nilikuwa nimeshajibu kabla ya kuuliza.

Wiki ya pili tukapata kitambaa cha kwanza kilichokamilika. Tukakitandaza mezani. Hakikulala. Kingo zilijikunja kwenda juu pande zote.

Dada wa Chaka alikizunguka akikiangalia. "Hii ni kitambaa ama ni kofia ya mzungu?"

Cha pili kilikuwa kinyume chake. Katikati kililala, lakini ukingo ulikuwa na mawimbi kama sketi ya mtoto wa harusi. Mama wa Majengo alikishika, akakivuta huku na huku. "Mwanangu, tungesimama kwanza. Kitambaa hiki hakina raha."

"Wanga utakinyoosha, mama," nikasema.

Kila mmoja wenu hapa amechemsha unga wa wanga, akaloweka kitambaa, akakipiga pasi kikakauka kama karatasi. Tunafanya hivyo sisi sote ili kitambaa kikae vizuri kwenye kiti. Mimi nilichemsha wanga mzito kama uji wa mgonjwa. Nikavinyoosha vile vitambaa viwili kwa pasi ya makaa, nikivivuta kwa nguvu, na vikalala. Nikawaita waje waone. Wakaona, wakaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Asubuhi yake nilikuta kile cha kwanza, nilichokiacha karibu na dirisha, kimeanza kuinuka. Ukungu ulikuwa umeingia. Nilisimama pale nikaangalia ule ukingo. Nilijua. Nawaomba msikie neno hilo, kwa sababu ndilo lililonileta hapa mbele. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua tangu wiki ya pili, nikaongeza wanga, nikanyamaza. Dada wa Chaka aliponiuliza kama nimejaribu kuviosha, nilimwambia mbele ya wenzetu kwamba ndiyo, nimeosha kimoja, kiko sawa. Sikuwa nimeosha hata kimoja.

Tulipeleka vyote kumi na sita kwa wakati. Msimamizi alivisifu. Mnajua mwezi wa saba ulivyo huku kwetu chini ya mlima, jua halionekani, na nguo hazikauki siku tatu.

Baada ya wiki mbili, tukiwa wote watano chumbani tukizungumzia vitambaa vya vyumba vya kulala, gari la hoteli likaingia. Msimamizi mwenyewe alishuka na furushi. Aliliweka juu ya benchi taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala.

"Madam," akaniambia, "mimi sio mtu wa kelele. Meza moja, glasi zimeanguka mara tatu. Mgeni mmoja aliniuliza kama kuna kitu hai chini ya kitambaa." Alifungua furushi. Vingine vilikuwa mabakuli, vingine mawimbi. "Nataka kujua jambo moja tu. Mliosha hata moja kabla ya kuniletea?"

Wote wanne wakanigeukia. Wala hawakunigeukia kwa hasira. Walinigeukia wakingoja nimjibu kwamba ndiyo, kwa sababu niliwaambia hivyo.

"Sikuosha," nikasema.

Alitikisa kichwa, akaaga kwa adabu, akaenda. Cucu alifunga sindano zake ndani ya leso, akaifunga mafundo mawili. Mama wa Majengo alisema "Haya," akachukua kikapu chake. Dada wa Chaka, ambaye siku zote ana la kusema, alikunja uzi wake, akamfuata nje. Mama yangu alibaki kwa sababu hapo ni kwake, lakini naye alitoka akaenda kukamua ng'ombe mapema kuliko kawaida.

Mwezi mzima chumba kilikaa kimya. Niliandika kwa binamu yangu kwamba nakubali. Barua ilikuwa mezani, imefungwa, nikingoja siku ya kwenda mjini. Siku moja, kwa sababu tu sikuwa na la kufanya, nilichukua kitambaa kimoja cha bakuli na kimoja cha mawimbi, nikahesabu vitundu. Nilitaka kumjua aliyekosea hesabu. Moyoni nilitumaini si mimi.

Nilihesabu raundi zote. Hakuna aliyekosea. Vitambaa vyote viwili vilikuwa na hesabu ileile, uzi uleule, sindano za ukubwa uleule. Kimoja bakuli, kingine mawimbi. Nilihesabu tena, nikapata vilevile.

Sasa mtu kama mimi ukimpa jambo kama hilo, hawezi kupanda gari kwenda Nairobi. Kama hesabu ni sawa, kosa liko wapi? Niliacha barua mezani, nikaweka vile vitambaa kwenye kikapu, nikatembea mpaka Kiganjo.

Cucu alikuwa akipepeta maharagwe mbele ya nyumba yake. Aliniona nikiingia langoni, akaendelea kupepeta.

"Cucu, nimekuja kukuomba msamaha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kutoka siku gani?"

"Wiki ya pili. Asubuhi, kwa dirisha."

Alipepeta kidogo. "Watu kanisani wananiuliza ile kazi ya hoteli ilienda wapi. Nimewaambia macho yangu imezeeka, nikaharibu. Ni mimi nimeaibika, na si mimi nilipika hiyo uji yako."

Kwa mara ya kwanza sikutafuta jibu. Aliweka ungo chini, akaniambia, "Keti basi. Chai iko."

Tulipokunywa nilimwonyesha vitambaa, nikamweleza kuhusu hesabu. Kisha nikamuuliza tena swali la siku ya kwanza: kwa nini mkono ulioanza ndio umalize. Akanijibu tena kuhusu ugomvi. Safari hii sikucheka. Nikamwambia, "Cucu, hebu tuache ugomvi kidogo. Mama yako alipokuwa akifuma, aliona nini?"

Alifikiri. "Aliona inakataa kulala," akasema. "Sasa ugomvi si ndiyo hiyo? Vitu ziko nyumba moja na hazisikizani."

Akafungua leso, akatoa sindano mbili, akanipa moja. "Fuma ishirini. Mimi pia nafuma ishirini. Usijifanye, fuma vile huwa unafuma."

Tukafuma vitundu ishirini kila mmoja, akavilaza kwenye ungo, kipande kimoja kando ya kingine. Changu kilikuwa kirefu kuliko chake kwa upana wa kidole gumba. Ishirini kwa ishirini.

"Wewe mkono yako inaachilia uzi," alinieleza. "Yangu inakaza. Hakuna mbaya." Lakini ukiweka mkono wangu nje ya wake, ukingo unajaa mawimbi. Na anayekaza kuliko cucu, kama dada wa Chaka, akimalizia nje, ukingo unavuta, kitambaa kinakuwa bakuli. Lile neno la kale halikuwa uchawi. Lilikuwa kipimo, ila lilikuwa limevaa nguo za uchawi, na mimi nilihukumu nguo.

Hapo ndipo mambo yangu yaligeuka, ndugu zangu, kwenye ungo wa maharagwe. Lakini msifikiri nilitoka Kiganjo nikiwa nimeacha kuuliza. Nilimuuliza cucu palepale: je, kuna mikono miwili inayolingana?

Aliniangalia. "Hiyo sasa hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Nilikwenda kwa wengine mmoja mmoja. Nilimwambia kila mmoja kwamba nilijua, na kwamba nilimdanganya. Mama wa Majengo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulinikosea pale ulipotuita kuona vimelala. Tulifurahi." Hilo liliniuma kuliko tusi. Dada wa Chaka alisema atakuja, ila kuanzia siku hiyo ataosha yeye kila kitambaa na mimi nisikaribie beseni. Mpaka leo sikaribii.

Tukafuma ishirini, sote watano, tukavilaza mezani. Mimi nilikuwa na hakika mama yangu na mimi tutalingana, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha. Hatukulingana hata kidogo. Mama akaniambia, "Nilikupa sindano, sikukupa mkono." Waliolingana walikuwa cucu wa Kiganjo na mama wa Majengo, nywele kwa nywele, watu waliojifunza kazi mbali kabisa. Waliangaliana wakaanza kucheka. Cucu akamwambia, "Basi wewe ni ndugu yangu na hukuniambia."

Nikaenda hotelini. Nilimweleza msimamizi yote, hata wanga. Nilimwomba nafasi ya kuvifanya upya vyote kumi na sita, kabla ya wageni wa Desemba. Alinisikiliza akichezea kalamu.

"Nitachukua vinne kwanza," akasema. "Na nitaviosha hapa, mara tatu, bila wanga."

"Ningekuomba uvioshe mara nne," nikamwambia.

Tuliloweka vitambaa vyote kumi na sita kwenye maji ya moto mpaka wanga ukatoka, tukaanza kufumua. Kitambaa cha duara kinafumuka kutoka ukingo kwenda ndani, kwa hiyo ya kwanza kufumuliwa ilikuwa kazi yangu na ya dada wa Chaka. Tukafika kwenye sehemu za kati. Kumi ambavyo kati yake ilifumwa na mama wa Majengo tuliviacha hapo, yeye na cucu wakagawana kumalizia ukingo, kwa sababu mkono wao ni mmoja. Sita tulivifumua mpaka mwanzo, na sisi watatu tuliobaki tukachukua viwili viwili, kila mmoja akaanza vyake na kuvimaliza mwenyewe. Vyangu vilitaka kuwa vikubwa, nikapunguza raundi moja. Tulifuma mwezi wa tisa, wa kumi, na mwanzo wa kumi na moja, nikabaki na upande wa kidole uliochimbwa na sindano. Ile barua ya Nairobi niliikunja, nikaanza kuizungushia uzi, mpaka ikaacha kuwa barua.

Tulipopeleka vinne vya kwanza, tulikwenda sote watano. Cucu alisema hatabaki tena nyumbani akisubiri kuambiwa vimelala. Msimamizi aliviosha wiki ile, kisha akatuita tena. Tulivikuta kwenye meza za chumba cha kulia, havina wanga, na nje ukungu ulikuwa umefika madirishani. Aliweka glasi ukingoni mwa kila meza, zikasimama. Cucu alizunguka meza zote nne akipitisha kiganja juu ya vitambaa. Mama wa Majengo alikuwa nyuma yake. Waliporudi, cucu alimwambia msimamizi, "Tuletee ile orodha ya vyumba."

Sasa tumemaliza vyumba vya kulala na tuna kazi nyingine mbili. Tumekuwa watu kumi na mmoja. Kila anayeingia anafuma ishirini kwanza, tunaandika kipimo chake ukutani, na tunajua ni nani anaweza kumalizia nani. Kitambaa kinachofumwa na watu wawili kinatoka kwetu, kinalala, na hakuna aliyegombana.

Namshukuru baba kwa chumba na mama kwa kutonitupia neno. Namshukuru dada wa Chaka kwa mdomo wake, na kwa ule mwezi alioninyima huo mdomo. Namshukuru mama wa Majengo aliyesema tusimame kwanza. Namshukuru cucu kwa chai aliyonipa kabla sijaistahili, na jumuiya yake kanisani naiambia leo mbele yake: macho yake ni mazima, aliyeharibu ni mimi. Wengine waliosimama hapa wamemshukuru Mungu kwa kazi yao. Mimi bado nina maswali yangu na yeye, mnayajua, lakini kama ndiye aliyewaweka watu hawa wanne karibu nami, basi nashukuru kwa hilo pia.

Nililojifunza ni dogo. Ukiwa na kazi ya mikono, ioshe bila wanga kabla mtu mwingine hajaiosha. Na ukimuuliza mkubwa wako kwa nini, usikubali tu na usicheke tu. Muulize aliona nini. Kisha nyamaza, hata kama jibu linachelewa, hata kama linaanza vibaya.

Nimemaliza, mwenyekiti. Naona mama mmoja pale katikati ameinua mkono, na uso wake unasema hakubaliani nami. Mama, sema. Nitakusikiliza mpaka ufike mwisho.